Maneno ya Mwenzako Kwanza

Ninyi walimu vijana mnaonijia hapa Kimisagara na kuniuliza, "Madamu, darasa langu halisemi, nifanyeje?", kwanza nawapa pole, halafu nawacheka. Darasa lisilosema sijaliona bado. Nendeni mkasimame karibu na darasa hilo hilo wakati wa mapumziko, mtaziba masikio. Watoto wanasema sana, ila hawataki kusema mbele yenu. Na ndani ya darasa wapo wanne au watano wanaojibu kila swali, ninyi mnafurahi, mnaandika kwamba somo limeeleweka. Msione haya. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi, tena kwa majivuno.

Nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari, kwenye mteremko wa upande wa Muhima, mpaka nikastaafu na magoti yakakataa ngazi. Nilikulia Tanzania, kule Karagwe, kwa hiyo niliporudi nyumbani, nchi ya wazazi wangu, nilijiona malkia wa lugha. Wenzangu waliokulia Burundi walikuja na Kiswahili chenye Kifaransa ndani, waliokulia Uganda walikuja na Kiingereza chao, na waliotukuta hapa walikuwa na Kinyarwanda na subira ya kutuvumilia sote. Mimi nikiingia darasani nilikuwa nasema kuanzia kengele hadi kengele. Nikiuliza swali nilijibu mwenyewe, kwa sababu jibu langu lilikuwa zuri zaidi.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Gaspard, Mungu amlaze pema. Alikulia Bujumbura, alifundisha Kifaransa, alivaa koti hata siku ya jua kali, na alinitangulia kazini kwa miaka mingi. Siku moja nilimwomba aje aketi nyuma ya darasa langu aone majadiliano yanavyochemka. Nilitaka sifa, siwafichi. Akaja na karatasi moja, akachora madawati yote na meza yangu, na kila mtu alipofungua mdomo akaweka kijistari mahali pake. Kengele ilipolia tukaenda chumba cha walimu, akaniwekea ile karatasi mbele ya kikombe changu cha chai.

"Madamu, iko mtu mmoja anaongea sana kwa hii darasa," akasema.

"Najua. Ni yule kijana wa dawati la mbele."

"Oya," akakataa kwa Kinyarwanda. "Mtu mwenyewe ni wewe."

Nikaangalia. Vijistari vyangu vilikuwa vimejaa kwenye ile meza mpaka vikamwagikia pembeni. Madawati manne ya mbele yalikuwa na vichache. Ya nyuma na ya dirishani yalikuwa meupe pe. Nilimnunia Gaspard siku mbili nzima. Siku ya tatu nikampelekea chai mwenyewe na kumwuliza dawa.

"Ukishauliza swali," akaniambia, "sali Salamu Maria moja moyoni, pole pole, mpaka Amina. Usifungue mdomo mbele ya Amina."

"Na kama hakuna anayejibu?"

"Unasali ingine."

Ninyi mnaosali kwa namna nyingine, au msiosali kabisa, hesabuni chochote mnachotaka, lakini kisiwe kifupi. Mara ya kwanza nilitoka jasho. Nilidhani watoto watanicheka, nilidhani saa imesimama. Nikiwa nakaribia Amina, mkono ukainuka kule nyuma, wa mtoto ambaye sauti yake nilikuwa siijui. Alikuwa na jibu muda wote. Mimi ndiye niliyekuwa namwahi.

Gaspard alinipa na mbinu nyingine mbili, nawapeni bure. Mtoto mwenye sauti ndogo akianza kusema, msimsogelee. Mnapomsogelea anashusha sauti, mazungumzo yanakuwa yenu wawili, wengine wanaanza kuchora kwenye madaftari. Rudini nyuma, mwende kona ya mbali, naye atawatafuta kwa sauti na darasa zima litamsikia. Na akishasema, msirudie alichosema. Mwalimu akirudia kila jibu, watoto wanajifunza kwamba ya mwenzao si lazima kuyasikiliza, madamu atayasema tena vizuri zaidi.

Baadaye nilialikwa kwenye semina ya mbinu shirikishi, kule Kimihurura, kwenye ukumbi wenye zulia. Mtoa mada alisema saa tatu mfululizo kuhusu umuhimu wa kumpa mwanafunzi nafasi ya kusema. Mwishoni akauliza kama kuna swali, akatazama saa, akasema chakula kiko tayari. Nyama ilikuwa nzuri. Cheti ninacho mpaka leo.

Nilitoka kule na hamu ya kuvumbua changu mwenyewe, na nilichovumbua ni maharage. Msicheke. Kila mwanafunzi nilimpa punje tatu mwanzo wa somo. Ukisema, unatumbukiza punje moja kwenye kikombe. Zikiisha, umenyamaza mpaka kesho. Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mno, nikatamba chumba cha walimu. Wiki ya pili, kijana mmoja wa mwaka wa tatu, Bruno, akasema mara saba.

Bruno huyo mnamjua, kila darasa linaye. Baba yake alikulia Kampala, nyumbani kwao watu hubishana wakati wa kula, na yeye alikuja shuleni kuendelea tu. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na maneno mengi na hakuwa na breki.

"Bruno, punje saba umezitoa wapi?"

Dawati la nyuma likaanza kucheka, na kicheko kikasambaa. Kumbe soko lilikuwa limefunguliwa wakati wa mapumziko: punje moja kwa andazi moja. Na muuzaji mkubwa alikuwa Solange, msichana wa dawati la tatu dirishani, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu. Alikuwa anauza zote tatu kila siku. Nikamwita.

"Solange, umeuza maneno yako kwa maandazi?"

"Yego, Madamu," akakubali bila wasiwasi. "Mimi siko na kazi nayo."

Niliyapeleka yale maharage jikoni kwa wapishi wa shule na sikuyataja tena.

Sasa sikieni kosa langu kubwa, maana haya mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Katika mkutano wa walimu nilisimama nikapendekeza kwamba majadiliano yawe na alama katika kila somo, na mwanafunzi atakayemaliza mwaka bila alama hata moja ya kusema arudie darasa. Nilisema sana siku hiyo, kama kawaida yangu. Nikawaambia kwamba kimya ni uvivu uliovaa sare ya shule. Walimu wakapiga makofi. Gaspard peke yake hakupiga, alikuwa anafuta miwani yake.

Muhula wa tatu ukafika. Prefe, ndivyo tulivyomwita msimamizi wa masomo, akaniletea orodha. Katika mwaka wa tatu kulikuwa na jina moja tu: Solange. Mitihani ya kuandika alikuwa wa pili darasani. Majadiliano, sifuri kuanzia Hisabati mpaka Kiswahili. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Kanuni ni ya kwako, Madamu," prefe akaniambia. Hakusema kwa ubaya.

Nikateremka huku Kimisagara kwa mama yake, aliyekuwa mshonaji kwenye karakana ndogo pale bondeni. Nilimkuta na mguu umevimba, ameuegesha juu ya kigoda, mguu mwingine ukikanyaga cherehani. Nikamweleza. Hakulia wala hakugomba. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Akirudia mwaka, Madamu, atakaa hapa anisaidie. Kusoma kitu kile kile mara mbili wakati mimi siwezi kusimama, oya. Ataacha."

Nilipanda mlima kurudi kwangu bila kumsalimu mtu. Kisu nilikinoa mwenyewe, na sasa kilikuwa kwenye shingo ya mtoto wa mtu. Wiki ile nilimbembeleza Solange, nilimwuliza maswali mepesi, nilisali Salamu Maria mbili, tatu. Yeye alitazama dawati lake, akaniambia kwa adabu zote, "Madamu, siko na neno."

Halafu ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda mnaujua: tunafanya kazi ya mtaa pamoja asubuhi, kisha tunakaa chini kujadili mambo yetu. Siku hiyo tulichimba mfereji wa maji ya mvua. Solange alikuwepo kwa niaba ya mama yake mwenye mguu mbovu, na alichimba kuliko vijana. Kazi ilipokwisha tukakaa kwenye majani, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akauliza kama kuna mwenye neno. Watu walikuwa wamechoka, kila mtu anawaza kuoga. Solange akasimama.

Nawaambia nilishika jembe vizuri nisije nikaanguka.

"Mama amenituma," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Anasema huu mfereji wa leo, vile ulipangwa kupita, mvua ikinyesha maji itaingia kwa nyumba ya yule mukecuru, yule bibi mzee wa huko chini. Anaomba tuupinde kabla ya ile kona."

Mzee mmoja akaanza kuinuka. "Mtoto, tumesikia. Twende nyumbani."

"Muzee, unisamehe, bado. Mama alinipa maneno matatu, nimesema mbili."

Watu wakacheka, lakini mkuu wa mudugudu akamwambia aendelee. Akasema la tatu: nani abaki alasiri kuupinda mfereji kabla ya kona ile, na akataja majina, kwa heshima, akianzia na la yule mzee. Mfereji ulipindwa siku hiyo hiyo. Nendeni mkauone, bado uko.

Njiani nilimkimbilia, na magoti yangu haya. "Solange! Kumbe unajua kusema hivi! Darasani unanifanyia nini?"

Alinitazama akishangaa kwamba sijui. "Pale nilitumwa, Madamu. Maneno ilikuwa ya mama. Darasani ni kujionesha."

Wanangu, usingizi uliniruka. Mimi ni mtoto wa nchi hii, nimehudhuria harusi ngapi? Baba wa bibi harusi yupo pale ameketi na fimbo yake, na hasemi neno. Anasema mtu mwingine kwa niaba yake, na huyo msemaji anasifiwa kwa kila sentensi. Mtoto wetu aliyelelewa vizuri anafundishwa asijitangulize, lakini ukimtuma, atafikisha ujumbe hata mbele ya wazee wa mtaa mzima. Na methali yenyewe, mjumbe hauawi, nimeifundisha kila mwaka. Nilikuwa nawaambia watoto waitungie sentensi, nasahihisha kwa kalamu nyekundu, naigeuza karatasi.

Jumatatu nikaingia darasani na kanuni mpya. Mtakaa wawili wawili. Mtazungumza dakika chache juu ya swali. Kisha ukisimama, utaleta maneno ya mwenzako. Ya kwako, marufuku. Ukimaliza, unamwuliza mwenye maneno kama umeyafikisha sawa, naye atakubali au atarekebisha.

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Bruno, nani mwingine? Akasimama, akakohoa. "Mwenzangu alisema..." Akageuka kumtazama mwenzake. "Alisema... alisema vizuri." Darasa likaanguka kwa kicheko. Alikuwa ametumia dakika zote kusema yeye. Akakaa chini masikio yamemwiva. Somo lililofuata nilimkuta ameinamia mwenzake, anasikiliza, anaandika. Watoto wa dirishani nao walianza kusimama mmoja mmoja, kwa sababu kosa likitokea si lao, na sifa ikija wanagawana. Solange alikuwa bado. Nikamhamishia Bruno kwenye dawati lake makusudi.

Siku ya majadiliano ya mwisho prefe alikuja na daftari lake la alama, akaketi nyuma. Gaspard naye akaja na karatasi yake. Swali lilikuwa hili: shule ya bweni na shule ya kutwa, ipi bora? Nilisoma swali, nikasema anzeni, nikaenda kusimama kwenye kona ya mbali kabisa. Nilikuwa najua kwamba kengele ikilia kabla Solange hajasema, mtoto yule anakwenda kukaa kwenye cherehani, na ni mimi niliyempeleka.

Wakasimama watatu, wanne, saba. Saa ya ukutani ilikimbia. Bruno hakusema kitu, alikuwa anamtazama mwenzake. Kisha Solange akasimama, akalainisha sketi.

"Mimi nimetumwa na Bruno," akaanza. "Bruno anasema bweni ni bora. Anasema mtoto wa kutwa anapoteza wakati kwa maji, kwa soko, kwa kupika. Anasema wakati huo ungekuwa wa kitabu. Na tena anasema bweni wote wanakula sahani moja, hakuna anayejua nyumba ya nani iko na nini." Akamgeukia. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo," Bruno akasema. "Tena umesema kunipita mimi."

Prefe akaandika. Nikaona kalamu yake ikitembea, nikashusha pumzi. Alama ilikuwa imepatikana, mtoto amepona. Lakini Solange hakukaa.

"Ya Bruno nimefikisha," akasema. "Sasa iko yangu."

Gaspard akainua kalamu yake.

"Mimi nachota maji kila siku. Kwa foleni ya maji iko wamama, iko wazee, iko watu wa Congo na wa Burundi. Kule wananiuliza, Solange, wewe unaona je? Nikisema, wanasikiliza. Kwa hiyo mimi wakati sijapoteza. Hapa shuleni ndiko nilijifunza kunyamaza. Kama ningekuwa wa bweni, ningenyamaza asubuhi mpaka jioni." Akakaa.

Maneno yale yaliniuma kweli, kwa sababu aliyemfundisha kunyamaza ni mimi. Na hapo hapo nilitaka kupiga vigelegele. Nilijifunga mdomo kwa mkono, nikangoja. Bruno akainuka, akafungua mdomo, akaufunga.

"Madamu, ngoja kwanza," akasema. "Ananifikirisha."

Akakaa chini! Bruno! Na mikono ikainuka upande wa dirishani, ikainuka nyuma, mtoto mmoja akimpisha mwingine, wakibishana na Solange, wakimtetea Solange, wakimtuma Solange maneno. Kengele ya mapumziko ililia, hakuna aliyetoka. Mwalimu wa somo lililofuata alikuja akasimama mlangoni, naye akabaki pale anasikiliza.

Prefe alifunga daftari lake akaniuliza, "Huyu mtoto alikuwa wapi mwaka mzima?"

"Dawati la tatu, dirishani," nikamjibu.

Gaspard alinionesha karatasi yake. Vijistari vilikuwa kila mahali, mpaka kwenye madawati ya nyuma kabisa. Nikatafuta meza yangu.

"Wewe iko mara mbili tu," akasema. "Uko mgonjwa?"

Nilicheka mpaka nikatoa machozi, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki vizuri. Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa walimu, jina la Solange lilisomwa kati ya wanaopanda. Nilisimama nikaomba kanuni yangu ya kurudisha watoto nyuma kwa ajili ya kimya ifutwe. Mmoja akanikumbusha kwamba ni mimi niliyeileta. Nikasema ndiyo, na nimekuja kuichukua. Ikafutwa siku hiyo, na safari hii Gaspard alipiga makofi mpaka koti likamvuka bega.

Jioni nilifuatana na Solange hadi kwa mama yake. Alikuwa pale pale kwenye cherehani, mguu juu ya kigoda. Alipotuona wawili alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mama," nikaanza kabla sijavuta pumzi, "binti yako amepanda! Na ungemsikia! Alisimama mbele ya prefe, akasema..."

"Madamu," Solange akanigusa mkono, "niache niseme mwenyewe."

Mama yake akasogeza vitambaa, nikapata mahali pa kukaa, nikanyamaza.